Uko Wapi?

Siku hizi simu ikipokelewa, swali la kwanza si "hujambo" wala "habari za huko". Ni "uko wapi?" Mama anamuuliza mwana, bosi anamuuliza kijana wake, demu anamuuliza mshikaji. Na sisi wa mjini tumekuwa mafundi wa kujibu: "Nipo hapahapa, nakaribia." Kumbe mtu bado yuko kitandani! Mjini uongo huo hauui mtu. Kwetu kijijini, ndugu msomaji, jibu la swali hilo linaweza kuua au kuponya.

Kwetu ni Iramba, mkoani Singida, chini ya mlima, pale nchi inapolala na kuwa mbuga ya Wembere. Kiangazi mbuga ile ni vumbi na upepo. Masika ni tope jeusi linalonasa kila kitu, hata trekta. Masika moja dada yangu alijifungua kwenye zahanati ya kijiji, damu ikakataa kukatika. Nesi akafanya aliyoweza, kisha akapiga simu kuomba gari. Gari likaja kweli. Ila dereva alikuwa mgeni wa njia zile, na baba mdogo ndiye aliyekuwa akimwelekeza kwa simu.

"Ukifika kwenye mbuyu, kata kushoto."

"Mzee, nimeshapita mibuyu mitano. Upi?"

"Ule mkubwa."

"Yote mikubwa, mzee wangu!"

Jua likazama wakiwa kwenye mazungumzo hayohayo. Mwisho tukamlaza dada kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukazifuata taa tulizoziona kwa mbali, tukalikuta gari limenasa umbali usiozidi kilomita tatu. Dada alipona, Mungu mkubwa. Lakini mwaka ule mzima hakushika jembe.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma kila ninachokipata kuhusu vyombo vinavyojua vilipo. Ndege hasa. Maana ndege haina mbuyu wa kukata kushoto.

Mnajua kwamba mzigo wa kwanza mkubwa uliotumwa nchini kwetu kwa njia ya anga haukufika? Tarehe 21 Novemba 1917 Wajerumani walirusha chombo kikubwa cha gesi, Zeppelin L59, kutoka Jamboli, Bulgaria. Kilibeba tani 15 hivi za silaha, risasi na dawa kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, lililokuwa likifukuzwa na Waingereza kusini mwa nchi yetu. Kilivuka bahari, kikavuka jangwa, mabaharia wake wakiongozwa na dira, jua, nyota na mto Nile. Walipokaribia usawa wa Khartoum, tarehe 23, wakapata ujumbe wa redio: eneo la kutua limekwisha potea, rudini. Wakageuza. Walitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Siku hiyohiyo ya tarehe 25 Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Yaani angani walijua walipo. Ardhini ndiko mambo yalikogeuka.

Leo hakuna haja ya kufuata mto. Kuna GPS, mtambo wa Marekani wenye setilaiti zaidi ya 24 zinazozunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,000 hivi. Kila moja ina saa ya atomiki, na kazi yake kubwa ni kutangaza: mimi niko hapa, na saa hizi ni saa fulani. Kifaa chako kinapima ujumbe umechukua muda gani kufika, kinapata umbali. Ukiwa na setilaiti nne umepata mahali pako na kimo chako. Sasa sikia hatari yake: redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umepotea mita 300. Na hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiivuruga kwa makusudi ishara ya raia, kosa likifikia mita 100 hivi. Mita 100 kwetu ni ng'ambo ya pili ya korongo, na masika korongo halivukiki.

Haya, ndege imejua ilipo. Je, mzigo? Hapo ndipo Singida inapotoa mtihani, maana kwetu upepo ni mwenyeji. Chukua boksi lenye mwavuli, liachie kutoka mita 100, lishuke mita 5 kwa sekunde. Litakaa hewani sekunde 20. Upepo ukiwa wa mita 8 kwa sekunde, boksi litaangukia mita 160 mbali na pale lilipoachiwa. Kwa hiyo ndege haiachii mzigo juu ya zahanati. Inapima upepo, inapiga hesabu, inauachia mahali ambapo mtu wa chini angesema, "Hee, huyu amepotea!"

Mambo haya si hadithi. Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege ndogo za Zipline zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu hospitalini na kuiangusha kwa mwavuli wa karatasi, bila hata kutua. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba na Tanzania tutaanza mwaka 2018, kituo cha kwanza Dodoma, jirani zetu kabisa. Nilihesabu kilomita usiku kucha. Mwaka uliotajwa ukapita bila ndege hizo kuruka. Mwaka 2018 huohuo, lakini, Ziwa Victoria lilijaribiwa droni ya DHL na Wingcopter, wakishirikiana na shirika la Kijerumani la GIZ: kilomita 60 hadi kisiwa cha Ukerewe, dakika 40 kwa wastani, imebeba dawa. Basi inawezekana.

Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona jambo moja ambalo wapenzi wa mitambo hulipita haraka. Katika miaka ya 1990, ndege za misaada zilipokuwa zikitoka Lokichoggio, Kenya, kwenda kudondosha nafaka kusini mwa Sudan, kulitakiwa watu ardhini wachague uwanja, waweke alama, wawaondoe watoto na ng'ombe, na waongee na rubani kwa redio. Gunia likiangukia mtu, hapo ni msiba. Rwanda nako mhudumu wa afya hupewa taarifa mzigo unapokaribia, atoke akaupokee. Namba inaleta mzigo. Mtu ndiye anayesema hapa ni pa nani, nani anasubiri, na hatari iko wapi.

Basi likizo iliyopita nilimchukua baba mdogo, nikachukua simu na daftari, tukazunguka siku nne. Kila mbuyu tuliofika nilisoma namba kwenye simu, yeye akataja jina. Kumbe yote ina majina! Kuna uliopigwa radi, kuna wa nyuki, kuna ambao wazee walikutania. Namba nimeziandika kwa tarakimu nne baada ya nukta, maana nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, na tarakimu ya nne inakufikisha kwenye mita 11. Upande wa kushoto jina, wa kulia namba. Baba mdogo alikataa tuandike "mbuyu mkubwa" hata mara moja.

Nakala moja inaning'inia kwenye msumari pale zahanati, karibu na simu ya nesi. Droni haijaja, lakini pikipiki na magari yanakuja. Ninyi mnaotaka kuandika, mnaoniuliza kila siku mada zinapatikana wapi: mna babu? Mna njia ya kwenda kwenu? Anzeni kuuliza majina kabla wenye majina hawajaondoka, maana hiyo setilaiti haiyajui.