Nilimsaili Kila Mtu Isipokuwa Dada

Kama hujawahi kumsaili mtu wa kazi huku mtoto wa miezi 11 yuko mgongoni anakuvuta hereni, basi bado hujaona mambo! Mimi yamenikuta, tena mbele ya foleni ya wanawake 14 waliokuwa wanasubiri zamu yao kwenye kivuli cha fremu yangu, kila mmoja akinitazama kama vile mimi ndiye niliyekuja kuomba kazi.

Mnanijua kama mhariri wa makala za mapenzi na ndoa. Shahada yangu ni ya mawasiliano, na kwa miaka kadhaa nimewashauri wengine namna ya kugawa muda kati ya kazi na nyumba. Mwaka 2022 mume wangu alihamishiwa Nyakanazi, nami nikafunga virago na kompyuta yangu, nikamfuata. Kama hujafika, Nyakanazi ni pale barabara ya Kigoma inapochomoka kutoka ile kubwa ya Kahama kwenda Rusumo. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, na mabasi yanamwaga abiria wenye vumbi la safari hadi kwenye kope. Kuna walimu, wauguzi, mama ntilie, wafanyabiashara wa mahindi na wake za madereva. Wote wana vichwa, na vichwa vina nywele!

Umeme nao ulinitia moyo. Zamani Ngara na Biharamulo zilitegemea jenereta za dizeli. Sasa pale Nyakanazi kuna kituo kikubwa cha kupoozea umeme, kinachopokea laini ya kilovolti 220 kutoka Geita na nyingine kutoka Rusumo, kwenye ule mradi wa maji wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Saluni bila umeme ni benchi tu la kusukia.

Basi mwaka 2025 tukachukua pesa tulizoweka kwa ajili ya msingi wa nyumba, tukazimwaga kwenye fremu: masinki mawili ya kuoshea nywele, draya tatu, vioo, viti vya kuzunguka. Naandika "tukachukua", lakini nikwambie ukweli, mimi ndiye niliyechukua na mume wangu akakubali. Si kitu kimoja hicho. Wenye ndoa mnanielewa.

Nikabandika karatasi mlangoni: wanahitajika wasusi wanne. Huku kwetu mwenye saluni wengi hawaajiri kabisa. Msusi anakuja na vidole vyake, mnagawana nusu kwa nusu ya kila kichwa, akiumwa hapati kitu. Mimi nikasema hapana, nataka mshahara wa kueleweka na asilimia kidogo juu yake. Nilijiona bosi wa kisasa kwelikweli. Nikaandika na maswali kwenye daftari: Umeolewa? Una mtoto mchanga? Una mpango wa kuzaa hivi karibuni? Nani atabaki na watoto?

Wa kwanza kunivutia alikuwa dada mmoja aliyetokea Kahama, mashalaah, kapendeza, na simu yake imejaa namba za wateja. Alijua kila kitu. Tatizo alijua na kuchanganya mkorogo. Akaniambia kabisa, "Bosi, hela ipo kwenye kung'arisha, nywele ni geresha tu." Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini miaka mingi, na nimeshahariri makala za kutosha kuhusu ngozi zilizoharibika. Nikamwambia asante. Roho iliniuma, maana aliondoka na wateja wake. Kijana wa kiume wa kucha na kuosha miguu nilimchukua papo hapo. Nasikia waume wawili watatu wameshanuna. Watazoea.

Kisha akaingia mama mmoja wa upande wa Kibondo, mtoto wa miezi 5 kifuani. Nilimpa kichwa cha jirani yangu amsuke kwa majaribio. Mistari ilitoka imenyooka kama imepigwa rula, tena haivuti ngozi. Jirani alikaribia kusinzia! Nami badala ya kushangilia nikafungua daftari.

"Huyo mtoto utamwacha na nani?"

Akanitazama. Akamtazama mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshafika kwenye shanga.

"Samahani mama," akasema kwa adabu zote, "na wewe wako unamwacha na nani?"

Foleni nzima ilicheka. Nilicheka pia, ila masikio yalikuwa yanawaka. Siku ile mwanangu alikuwa mgongoni kwa sababu mkubwa, wa darasa la pili, alikuwa na homa, na Dada alikuwa amebaki naye. Siku nyingine zote jibu langu lingekuwa neno moja tu: Dada.

Nilirudi nyumbani saa 2 usiku. Mume wangu alikuwa mezani, chakula kimepoa, na simu yangu ilikuwa na ujumbe saba kutoka ofisini kuhusu kurasa nilizotakiwa kutuma mchana. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Alisema tu, "Saluni bado haijafunguliwa, tayari humu ndani nimekuwa mgeni." Nikamjibu vibaya. Nikamkumbusha kuwa nimehama kwa ajili yake, nikataja na mambo ya Dar ambayo hayakuhusika kabisa. Makala zangu zote za "jinsi ya kuongea na mwenzi wako" zilikuwa rafuni zinanitazama.

Tukiwa bado tumenuniana, Dada akatoka jikoni anafuta mikono. Akasimama mlangoni.

"Mama, nilikuwa naomba kuuliza. Zile kazi za saluni... mbona mimi hujaniuliza?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Ndiye anayemsuka binti yangu kila Jumamosi, na mara ngapi nimesifiwa kanisani, "Mama, huyu mtoto anasukwa wapi?" nami nikijibu "Nyumbani tu," kana kwamba nyumba ndiyo ina vidole. Nikamwambia tutaongea kesho. Chumbani hasira zilinipanda. Baada ya yote niliyomfanyia! Akiondoka nani atabaki na watoto? Nani atapika? Nitamsaili nani, saa ngapi?

Mume wangu alikuwa amegeukia ukutani. "Kwa hiyo anakosa kazi kwa sababu una watoto," akasema. "Wewe una watoto, siyo yeye."

Sikulala. Asubuhi nilimpigia shoga yangu wa chuo, mwanasheria, nikimuuliza juu ya mikataba ya wasusi, nikamsomea na maswali yangu. Akaanza kucheka, kisha akaacha. Akanieleza kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ndoa, jinsia au ujauzito, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi tu. Likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha 100. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na siku ya kupumzika ni haki.

"Na wa nyumbani?" nikauliza, sauti imeshuka.

"Wa nyumbani naye ni mwajiriwa. Wewe ulidhani nani?"

Nikachukua lile daftari, nikafungua ukurasa mpya. Dada anaamka saa 11 alfajiri. Analala saa 4 usiku, tena mdogo akiwa na meno yanaota hapo tunazungumza mengine. Nikaondoa saa 2 za kula na kupumzika, nikaamua kuwa mkarimu kwa upande wangu. Zikabaki 15. Jumatatu 15, Jumanne 30, Jumatano 45. Kwa sheria, Alhamisi asubuhi Dada alikuwa ameshamaliza wiki yake, mimi bado nadai uji. Alikuja mwaka 2022 akiwa na miaka 19. Mama mkwe alinipigia simu, "Nimekupatia binti," kesho yake akashuka kwenye basi na mfuko wake mmoja. Sikumuuliza chochote. Hata mshahara tulipanga mimi na mama mkwe.

Tulikaa wote watatu. Nilijaribu ujanja kidogo, nakiri: vipi akija saluni mchana tu na kurudi kupika? Akanyamaza, akaangalia chini, akasema, "Mama, hizo zitakuwa kazi mbili." Mume wangu akakohoa.

Kwa hiyo nimempoteza. Mama mmoja wa jirani, mtu mzima, anakuja saa 2 asubuhi anaondoka saa 11 jioni, na mshahara wake ni mkubwa kuliko niliokuwa nampa Dada. Mdogo alimlilia siku tatu mfululizo. Kuanzia saa 11 zamu ni ya mume wangu, na ugali wake bado una madonge. Kurasa zangu nazihariri saa 10 alfajiri malori yakiunguruma. Mwezi wa kwanza saluni haikurudisha hata kodi ya fremu. Msingi wa nyumba utasubiri, na mara moja moja tunaugombania. Mama wa Kibondo anakuja na mtoto wake na binti mdogo wa dada yake wa kumbeba. Akilia, msuko unasimama, wateja wanasubiri. Mmoja alilalamika. Wengine wanaomba wampakate.

Ila nataka niwasimulie ule usiku kabla ya kufungua. Niliketi saluni na mikataba minne, harufu ya rangi bado inapalia, naita mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Dada. Nikaandika tarehe. Nikafika penye jina la mwajiriwa, kalamu ikasimama hewani. Jina lake la kwanza nalijua, japo nyumbani hatukulitumia. La baba yake sikuwahi kulisikia.

"Dada, unaitwa nani na nani?"

Akanitajia yote matatu, taratibu, nami nikaandika. Akainama kusoma, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa ni L, mama. Umeandika R."

Nikachukua karatasi nyingine.