"NJOO KESHO" ILINIPONZA, DAFTARI LIKANIOKOA

Leo naomba tuweke pembeni mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, nikusimulie ya ofisini. Najua wengi wenu mnasaka kazi, na wengine mmepata ya mapokezi lakini mnaiona ya kupitia tu, mnasubiri dili la maana. Hata mimi nilijidanganya hivyo hivyo.

Nilimaliza uhazili Tabora mwaka 1994. Enzi hizo binti aliyetoka chuo cha uhazili Tabora alikuwa hashikiki! Hatimkato maneno 80 kwa dakika, na tapureta naipiga bila kuangalia vidole. Nikapanda treni ya Kaliua hadi Mpanda, sanduku moja na viatu vya visigino ambavyo vumbi la Mpanda lilivimaliza mwezi wa kwanza tu. Wakati ule Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na kila jambo kubwa lilipelekwa Sumbawanga. Nikapata kazi katika ofisi moja pale mjini. Jina lake tuliache kabatini.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua na kupokea watu. Kuchapa nilikuweza. Kupokea watu... mmh! Nilikuwa na neno moja tu: "Njoo kesho." Faili halionekani? Njoo kesho. Bosi hayupo? Njoo kesho. Nina usingizi wangu? Wewe njoo kesho tu.

Desemba 1996 akaja mzee mmoja kutoka Karema, kule kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa amepanda lori la migebuka, mkononi ana bahasha ya kaki. Mwanawe aliyekuwa mtumishi alikuwa amefariki, na mzee alifuatilia mafao ili mjukuu wake, binti aliyefaulu kwenda kidato cha kwanza, apate ada na sare. Aliacha barua mezani kwangu. Nami huku najipaka rangi ya kucha nikamjibu, "Sawa mzee, njoo kesho."

Akaja kesho yake. Akaja tena wiki iliyofuata. Safari ya tatu akaniangalia, akasema taratibu, "Binti yangu, mimi sina kesho nyingi." Nikaona ananiletea shombo, ya samaki na ya maneno.

Basi bwana, siku moja jioni napanga meza, nanyanyua gazeti langu la udaku, chini yake nini? Barua ya mzee! Wiki tatu imelala pale, haijasajiliwa masjala, wala Sumbawanga haijaiona. Kesho yake niliipeleka kimya kimya. Fedha zilitoka, lakini zilitoka Aprili, na shule zilishafunguliwa Januari. Mzee alipokuja kuweka dole gumba nikamuuliza habari za mjukuu. "Nafasi ilipotea, mama. Ameshaolewa."

Hakunigombeza. Alinishukuru! Nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia barua ililala wapi. Usiku ule sikula.

Jumatatu nikanunua kaunta buku kwa fedha yangu. Nikachora mistari: tarehe, jina, anatoka wapi, ana shida gani, nimemjibu nini, arudi lini. Kila aliyefika aliandikwa, awe mfanyabiashara wa Kashaulili au mkulima wa Sitalike. Kila Ijumaa nilipitia daftari kuona nani bado. Na "njoo kesho" nikaizika. Kama barua ilikuwa Sumbawanga nilimwambia mtu, "Barua yako imeondoka jana, usihangaike kuja kabla ya tarehe 20." Wenzangu walinicheka, ati najipendekeza kwa bosi.

Mwaka 1998 kompyuta ikaingia ofisini. Umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, leo upo kesho haupo, hivyo tuliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi, tukaendelea na tapureta zetu. Ujinga mtupu! Mwaka 2000 ukaja upunguzaji wa wafanyakazi. Bosi alitaka mtu mmoja anayejua kompyuta badala ya wachapaji watatu. Nami nilikuwa mmoja wa wale watatu. Maneno 80 kwa dakika, na nikapigwa chini mchana kweupe.

Nilikaa nyumbani wiki mbili nikilia. Ndipo akaja mama mmoja mwenye gesti karibu na stesheni. Kumbe alikwenda ofisini kwa shida zake, akamuulizia "yule dada wa daftari", akaambiwa hayupo tena. Akanifuata hadi Makanyagio. "Mimi sina tapureta, mwanangu," akasema, "lakini nina wageni wanaoshuka na treni wamechoka, na wahudumu wangu wanawajibu ovyo." Mshahara kiduchu, lakini nilienda. Daftari nikaenda nalo.

Pale gesti nilijifunza mengi kuliko chuoni. Mgeni aliyesafiri usiku kucha hataki hotuba, anataka maji ya kuoga na jibu la kweli kama chumba kipo. Anayefoka usimfokee, kaa kimya, andika, mara nyingi atajipoza mwenyewe. Na mambo ya mgeni hayatoki nje ya kaunta.

Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, makao makuu Mpanda. Mji ukachangamka, ofisi zikaota kama uyoga. Mgeni mmoja aliyezoea kulala kwetu alikuwa anafungua ofisi yake, akaniomba nikamshikie mapokezi. Safari hii sikurudia kosa. Jioni nilikuwa nakwenda stesheneri kufundishwa kompyuta na vijana wa umri wa wanangu, tena nawaita "mwalimu" bila aibu. Kontroo namba ya malipo ya serikali ilipoingia, nilijifunza mapema ili nimwelekeze bibi aliyekuja na noti zake kwenye fundo la kanga.

Wala usidharau kazi ya makaratasi. Mizengo Pinda, mtoto wa huku huku kwetu Katavi, alifanya kazi Ikulu na akawa Karani wa Baraza la Mawaziri kabla ya kuingia bungeni mwaka 2000. Mwaka 2008 akawa Waziri Mkuu. Sisemi wewe utafika huko, nasema makaratasi yana heshima yake.

Mdogo wangu, mashine zitabadilika kila mara, na kila mara itabidi ujifunze upya, tena kabla hujalazimishwa. Lakini mtu aliyesimama mbele yako na bahasha ya kaki ni yule yule. Mwandike, mjibu ukweli, mtajie siku.

Yule mjukuu wa Karema sikumjua sura. Sasa ni mama mtu mzima. Kila akija mwanamke wa umri ule kutoka kule ziwani, moyo hunipiga pa! Namwandika wa kwanza.

Kwa leo niishie hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!