Mafuta ya Kuhani, Mafuta ya Mwenye Ukoma



Kitabu cha Walawi wengi wetu hukipita haraka. Hata hivyo, sura zake mbili, ya 8 na ya 14, zikisomwa pamoja, zinatufumbulia maana ya mpako tulioupokea siku ya Ubatizo.

Katika sura ya 8, Musa anamweka Haruni wakfu. Anamwosha kwa maji, anamvika mavazi matakatifu, anammiminia mafuta kichwani. Mafuta hayo yalitengenezwa kwa kipimo maalumu: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na hini moja ya mafuta ya zeituni (Kut 30:23-24). Kisha Musa anampaka damu ya sadaka kwenye ncha ya sikio la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume na kidole gumba cha mguu wa kuume: sikio limsikilize Mungu, mkono umtumikie, mguu uenende katika njia zake. Kwa siku 7 makuhani wapya wanakaa mlangoni pa hema ya kukutania.

Katika sura ya 14 tunakutana na mwenye ukoma aliyepona. Alikuwa akikaa peke yake nje ya marago, na kuhani ndiye anayetoka kumwendea huko. Akisharudi, anangoja siku 7 nje ya hema yake. Siku ya 8 anapakwa damu, na juu yake mafuta, mahali palepale alipopakwa Haruni: sikio, mkono na mguu. Mafuta yanayobaki anapakwa kichwani. Hafanywi kuhani, na mafuta yake ni ya zeituni tu, lakini alama iliyomweka Haruni mbele ya Mungu ndiyo inayomrudisha yeye kati ya ndugu zake.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa wote wawili: kutengwa. Mwenye ukoma alitengwa na watu. Kuhani alitengwa kwa ajili ya watu. Kuwekwa wakfu, basi, si kuondolewa kati ya watu, bali ni kukabidhiwa kwao.

Jambo hilo limetimia katika Bwana wetu, ambaye jina lake Kristo maana yake ni Mpakwa Mafuta. Yeye alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma. Tangu hapo, asema Marko, yule aliyeponywa alikwenda akitangaza habari, naye Yesu akawa anakaa nje, mahali pasipo watu (Mk 1:40-45). Walibadilishana mahali. Hatimaye Kuhani wetu Mkuu aliteswa nje ya lango la mji (Ebr 13:12).

Sisi tuliobatizwa tulipakwa Krisma Takatifu utosini, tukashirikishwa ukuhani wa Kristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Lumen Gentium ya mwaka 1964, namba 10, wafundisha kwamba ukuhani huu wa waamini na ule wa Daraja Takatifu watofautiana kwa asili, si kwa kiwango tu, lakini kila mmoja kwa namna yake washiriki ukuhani mmoja wa Kristo. Padre hupakwa Krisma mikononi ili awatumikie waliopakwa utosini, si ili abaki kuhani peke yake.

Basi tujiulize katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo: nani yuko nje ya marago yetu? Binti aliyepata mimba akiwa shuleni? Ndugu aliyetoka gerezani? Anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye kikombe chake tunakiweka kando? Tukimngoja ajilete mwenyewe, tumesahau kwamba kuhani ndiye aliyetoka kumwendea. Tena sisi nasi tuliwahi kuwa nje. Maji na mafuta ndivyo vilivyotuingiza.

Wiki hii kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja aliyetengwa, abishe hodi kwake, aketi naye.

Ee Bwana, uliyetupaka mafuta yako, utufanye harufu nzuri kwa wale walio nje. Amina.