Gita Lilikataa Kushuka

Mjomba wangu aliacha nyumbani kwetu, hapa Lubumbashi, kaseti moja ambayo haikuwa rumba wala nyimbo za kanisa. Ilikuwa nakala ya albamu ya roki ambayo David Coverdale na Jimmy Page waliitoa mwaka 1993, yenye nyimbo 11. Page ndiye mpiga gita wa Led Zeppelin. Coverdale alikuwa ameimba katika Deep Purple, kisha Whitesnake. Miaka mingi baadaye niliona jalada lake: alama ya barabarani ya njia mbili zinazoungana.

Katika albamu hiyo gita na sauti haviachiani nafasi kirahisi. Gita linaanza polepole, unadhani wimbo ni wake. Halafu sauti inapanda juu yake, nalo linangoja zamu. Wasikilizaji wengi wa wakati ule walisikia jambo moja tu, kwamba Coverdale anamwiga Robert Plant, mwimbaji wa zamani wa Page. Albamu iliuzwa vizuri, ikaingia katika tano za kwanza Uingereza na Marekani, lakini jukwaani walipanda pamoja Japani tu, Desemba 1993, wakaachana. Mwaka uliofuata Page alikuwa tena na Plant. Mimi naona Coverdale alionewa, ingawa nyimbo mbili za kaseti ile huwa nazipitisha.

Nilimsikilizisha rafiki yangu mpiga gita. Tukaamua kutengeneza albamu yetu, nyimbo sita: yeye muziki, mimi maneno na sauti. Tulichagua Lingala. Tulirekodi kwa simu, usiku, kila umeme uliporudi.

Wimbo wa tatu ndio ulioleta taabu. Nilikuwa nimeandika mstari wenye maana ya «ninatafuta mtu». Katika Lingala, moto, silabi zote mbili zikiwa chini, ni mtu. Silabi ya pili ikipanda, motó, ni kichwa. Na gita lake lilipanda palepale, kwenye silabi ya pili. Kwa hiyo nilikuwa nikiimba, kwa huzuni kubwa, kwamba natafuta kichwa.

Tulicheka. Kisha nikamwambia ashushe gita. Akakataa: kule kupanda ndiko kulikouzaa wimbo wote. Nikaleta daftari la fonolojia, nikamchorea toni kwa vistari, mstari baada ya mstari, hata katika nyimbo mbili ambazo tulikuwa tumezimaliza. Akanitazama muda mrefu.

— Iyi haina wimbo, ndugu. Ni masomo.

Hakuja kesho yake, wala wiki iliyofuata. Baadaye nikasikia amepata kazi Kolwezi, kwenye mgodi. Hakuniaga.

Ningeweza kujitetea kwamba toni ni sehemu ya neno kama konsonanti zilivyo, na mwalimu yeyote wa idara yetu angeniunga mkono. Lakini mwezi uliopita nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzoni. Niliwasikilizisha rekodi ile majirani watatu wanaozungumza Lingala tangu utoto, bila kuwaeleza lolote, nikawauliza mwimbaji anatafuta nini. Wote watatu walijibu: mtu. Mmoja alinishangaa kwa kuuliza. Mstari mzima ulikuwa umeshawaambia ni nani anayetafutwa. Silabi moja iliyopanda haikuwasumbua.

Nilimtumia majibu yao kwa simu, pamoja na maneno mawili ya kuomba radhi. Siku nne kimya. Siku ya tano ikaja sauti ya dakika mbili: gita peke yake, bila salamu, na nyuma yake kelele za malori yanayopita. Ni wimbo wa nne. Unapanda mahali pabaya zaidi kuliko ule wa tatu. Nimeanza kuandika maneno yake, na daftari la fonolojia nimelirudisha kabatini.