Mlango wa Bibi na Mti wa Mbambakofi

Yeyote aliyepita katika vichochoro vya mji wa Lamu anajua kwamba huko nyumba hutambulikana kwa mlango wake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufanana, madirisha ya nje ni machache, na mwenye nyumba hamwoneshi mpita njia utajiri wake wala ufukara wake. Mlango peke yake ndio uliopewa ruhusa ya kusema. Nyumba ya bibi yetu, katika mtaa wa Mkomani, ina mlango wa mbawa mbili wenye mfaa katikati na miimo iliyochongwa maua na majani. Tulipokuwa watoto tukizifuata nakshi zile kwa ncha ya kidole mpaka tukikemewa tuingie ndani.

Baada ya sikukuu ya Idi tulikwenda Lamu kwa ajili ya mlango huo. Mvua za miaka mingi zilikuwa zimeula mwimo wa kushoto upande wa chini, na ubawa wake ulikuwa umeanza kuning'inia. Mfanyabiashara wa vitu vya kale alikuwa amekwisha kubisha hodi mara mbili, na fedha alizotaja zingetosha kuwalipia karo wajukuu kadhaa. Ukoo ukagawanyika. Wajomba zetu wawili waliona kwamba mlango mbovu ni mzigo, na mlango wa chuma ni salama zaidi. Mama zetu walikataa kabisa. Bibi mwenyewe alinyamaza, na kimya chake kilitutia uzito kuliko maneno ya wengine. Basi tukatumwa sisi, wajukuu wa kike watatu pamoja na watoto wetu, tumtafute fundi, tuulize gharama, turudi na jibu.

Fundi alikuja baada ya swala ya alasiri, mzee mwenye tezo na patasi katika kikapu. Baada ya salamu na kujuliana hali, aligonga mwimo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akakwangua kidogo kwa kisu. Chini ya weusi wa moshi na mafuta ya miaka mingi ikatokea rangi ya kahawia yenye wekundu, mbichi kana kwamba mbao imepasuliwa juzi.

"Huu si mlango mbovu, wanangu," alisema. "Hii ni mbambakofi. Kilichooza ni pindo tu. Mchwa huizunguka mbao hii akaenda zake."

Tukamuuliza, kama ni pindo tu, kwa nini asitie kiraka? Akacheka kidogo. Alisema kwamba alipokuwa akijifunza kazi, mbao za mbambakofi zikija kutoka misitu ya bara, na fundi akichagua. Sasa auzaye mbao huleta mwembe au mvinje. "Nikitia mwembe hapa," alisema, "masika mawili matatu utaoza, na mbambakofi itabaki imesimama karibu yake ikiutazama. Nitafutieni kipande cha kweli, nami nitafanya kazi."

Kuhusu kuuza, tulijifunza jambo ambalo huenda familia nyingi hazilijui. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 huitaja waziwazi milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1946 miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Mlango wa namna hiyo si bidhaa ya kung'olewa usiku na kupakiwa botini. Mji mkongwe wa Lamu wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na milango ni sehemu ya kile kilichoufikisha huko.

Usiku ule, tukiwa tumekaa ukumbini, mtoto mmoja akauliza, "Mbambakofi ni mti wa namna gani?" Tukatazamana. Tumeufungua na kuufunga mlango ule maisha yetu yote, wala hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kuuona mti wake ukiwa hai. Tuliona haya. Tukaazimia kwamba katika safari ya kurudi Mombasa tutateremka Gede.

Tulivuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi, tukapita Witu na Garsen, tukauvuka mto Tana, na jioni tukafika Malindi kwa jamaa zetu. Asubuhi ya pili, kabla ya jua kukaza, tulikuwa kwenye lango la msitu wa Arabuko-Sokoke, kando ya barabara kuu itokayo Malindi kwenda Mombasa. Msitu huu una eneo la kilomita za mraba zipatazo 420, na ni kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu wa pwani uliokuwa ukitanda mahali pengi Afrika Mashariki.

Kiongozi wetu, binti wa Kigiriama mwenye sauti ya upole, alitueleza kwamba ndani ya msitu huu mna misitu mitatu, na kila mmoja umechagua udongo wake. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, kuna vichaka vizito vya Cynometra, makao ya yule bundi mdogo anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Sokoke. Katikati, kwenye mchanga mweupe, kuna mrihi, mti wa kivuli chepesi. Mashariki, tulikosimama, kuna msitu wa mchanganyiko, na humo ndimo mna mbambakofi pamoja na msandarusi, ule mti uliotoa sandarusi iliyosafirishwa kwa majahazi zama za babu zetu.

"Na miti yote hiyo minne, dada zangu," alisema, "ni ya ukoo mmoja na kunde zenu za jikoni."

Tulidhani anatutania. Kumbe ni kweli. Kunde, mbaazi, pojo na njugu ni jamii moja na miti hii mikubwa. Zote huweka mbegu zao ndani ya ganda. Tena mkwaju, ambao kila mama wa pwani ana tunda lake kabatini, ni jamaa wa karibu zaidi: katika tawi la ukoo ambamo wataalamu wameuweka mbambakofi, mkwaju nao umo humo.

Kisha akasimama, akaweka kiganja juu ya shina. "Huyu hapa."

Hatukujua tulitarajia nini. Labda mti wenye fahari kama mlango. Mbele yetu palikuwa na shina nene la rangi ya kijivu, gamba lake likibambuka kwa mabaka ya duara na kuacha alama za rangi hafifu. Mbambakofi uliokomaa hufikia mita 20 kwa kawaida, na mahali panapoupendeza hufikia mita 35. Jani lake lina vijani jozi nne hadi saba vilivyopangwa kwa kukabiliana, na katika ukame mti huyapukutisha. Ua lake ni la ajabu: lina petali moja tu, yenye wekundu, iliyochomoza peke yake kama kitambaa dirishani.

Watoto hawakulijali gamba wala jani. Wao walikuwa chini, wakiokota maganda. Ganda la mbambakofi ni gumu kama mbao, lina urefu wa sentimita 10 hadi 17, na likipasuka huonesha mbegu zilizopangwa katika sponji nyeupe, kila moja ndani ya kitanda chake. Mbegu yenyewe ni nyeusi, inang'aa kama kito, na kichwani imevishwa kikofia chekundu cha rangi ya moto. Ndiyo maana tangu zamani watu huzitunga mbegu hizi kuwa shanga na mapambo.

Kikofia kile hakikuwekwa kwa ajili yetu. Hondohondo hukiona kutoka mbali, akaja, akala ile sehemu nyekundu na kuidondosha mbegu nyeusi mahali pengine. Ndivyo mti usio na miguu unavyosafirisha watoto wake. Binti yetu mdogo alikuwa amekwisha kujaza kiganja. Kiongozi alichuchumaa akamwambia kwa upole kwamba mbegu za humu ni za msitu, hazitoki nje bila idhini, wala si za kutiwa mdomoni. Mtoto akazirudisha moja moja, kwa huzuni, akizificha chini ya majani ili, alivyosema, hondohondo asizikose.

Tulijifunza jambo jingine lililotugusa zaidi. Kunde na mbaazi hushirikiana na vijidudu vinavyokaa katika vinundu vya mizizi na kuurutubisha udongo. Mbambakofi haukuifuata njia hiyo ya jamaa zake. Mizizi yake hushikamana na kuvu wa ardhini, ambao huizunguka kama ala na kuisaidia kupata chakula katika mchanga maskini. Mti nao huwapa kuvu sukari. Kwa hiyo mche unaoota karibu na mama yake huota juu ya ushirika uliokwisha kuwapo. Ukifyeka msitu wote, unaondoa miti, na pamoja nayo ujirani ule wa chini usioonekana.

Na mbao? Mbambakofi hukua polepole. Shina la mti mchanga lina sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya nje, ambayo wadudu huila bila shida. Ile mbao nyekundu ngumu ya ndani, ambayo fundi huiita moyo, hujengeka kadiri miaka inavyopita. Kwa maneno mengine, kinachozuia mchwa katika mlango wa bibi ni umri. Ndiyo maana hakuna njia ya mkato: huwezi kuharakisha moyo wa mti. Kwa sifa hiyo hiyo mti umefuatwa kila mahali unapoota, kuanzia Somalia hadi kaskazini ya Afrika Kusini, na upande wa magharibi hadi Angola. Kwa sababu hiyo, mwaka 2022, mataifa yaliyokutana Panama yaliiweka miti ya jenasi yake yote ya Afrika katika orodha ya CITES, mkataba wa kusimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Kabla ya kuondoka tuliingia katika magofu ya Gede, umbali mfupi kutoka msituni. Mji huo wa Waislamu wa pwani ulihamwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 nao ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Msikiti mkuu umebaki kuta, jumba la mfalme limebaki kuta, na malango ya mawe yenye matao yangali wima. Lakini hapana hata ubawa mmoja wa mlango. Tulipita kutoka chumba hadi chumba bila kusukuma kitu. Hapo ndipo mmoja wetu aliposema lile tulilokuwa tukilifikiria sote: jiwe hujilinda lenyewe, lakini mbao hulindwa na watu waishio ndani. Siku wenyewe wanapoondoka, mlango huwafuata.

Tulipiga simu kwa mama zetu jioni ile. Jibu letu lilikuwa kwamba mlango hauuzwi, na kwamba tutachanga. Mjomba mmoja alikubali. Wa pili angali anaona kwamba tumeipenda mbao kuliko karo, na kwa hakika hoja yake si ya kudharauliwa. Ndiyo sababu tumekubaliana kwamba mchango wa karo utatangulia kila mwezi, na wa mlango utafuata. Baada ya wiki tatu fundi alipata kizingiti cha kale kutoka nyumba iliyobomolewa, moyo mtupu wa mbambakofi. Alikata pindo lililooza, akaunga kipande kipya kilicho kikongwe kuliko yeye, na ubawa ukanyooka. Kiraka kinaonekana. Bibi hakutaka kifichwe kwa rangi.

Kiraka hicho, hata hivyo, kimetoka katika nyumba nyingine iliyokufa, na nyumba hizo zina mwisho. Kwa hiyo tulinunua miche mitano katika kitalu kimoja huko Gede. Kwa wale wenye kiwanja au shamba ambao wangependa kufanya hivyo, mtunza kitalu alitupa maelezo haya: mbegu iliyopatikana kwa njia ya halali huondolewa kile kikofia chekundu, hulowekwa usiku mmoja, kisha hupandwa katika mchanga mwepesi, huota kwa wiki chache. Ni vyema kuchanganya konzi moja ya udongo uliotoka chini ya mbambakofi mkubwa, ili mche uwakute wale kuvu wake. Upandwe mbali na ukuta wa nyumba, nao umwagiliwe mpaka ushike.

Miche yetu iko katika shamba la jamaa huko Kilifi. Mmoja umekufa kwa jua, mmoja umeliwa na mbuzi, mitatu inaendelea, na mrefu kuliko yote unafika goti la mtoto. Hakuna kati yetu atakayeona mlango ukitoka ndani yake. Bibi analijua hilo kuliko sisi, lakini kila tunapompigia simu, baada ya kuuliza afya za watoto, huuliza mibambakofi imefika wapi. Nasi tunamjibu kwa sentimita.