Barua kutoka Leicester: Mzima Ndiye Anayeitwa

Ndugu zangu wa nyumbani,

Wiki hii nimemsindikiza jirani yangu, mama wa Kitanga mwenye miaka 63, kwenye kliniki ya mtaa. Haumwi kitu. Ameandikiwa barua kwa sababu ya umri wake tu. Tangu 2009, Waingereza huwaita watu wa miaka 40 hadi 74 wasio na ugonjwa wa moyo, kisukari wala figo, wapimwe bure kila baada ya miaka 5.

Nilivutiwa na utulivu wa muuguzi. Alimwacha mama apumzike kitini kama dakika 5, nyayo zote mbili sakafuni, mkono mezani, mkono wa gauni umepandishwa. Akamwomba asizungumze wala asikunje nne, kwani hayo hupandisha presha bure. Ndipo akamfunga mkanda wa kupimia presha. Kisha akamshika kifundo cha mkono kusikiliza mapigo: yakienda ovyo, damu yaweza kuganda moyoni, bonge likapanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Tone la damu kidoleni likaonyesha lehemu.

Majibu yote huingizwa kwenye kompyuta pamoja na umri, sigara na historia ya ukoo, nayo hukadiria hatari ya mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Ikifika asilimia 10, muuguzi huzungumzia pia dawa za kushusha lehemu.

Mumewe anatimiza 65 mwaka huu, naye ana barua yake: wanaume wa umri huo hupigwa picha ya tumbo kuangalia mshipa mkuu wa damu. Ukitanuka, kwa kawaida hauumi mpaka upasuke. Ukifika sentimita 5.5, mtu hupelekwa kwa mpasuaji.

Si wote wanaoitikia wito. Hata hivyo naupenda utaratibu huu kwa dhati, maana haumsubiri mzee alalamike. Wazee wetu ukiwauliza hali watakujibu hawajambo, na presha imeshapanda kimyakimya.

Kipimo cha presha hakihitaji utajiri wa Ulaya. Nawaomba, wapelekeni wazee zahanati hata kama hawaumwi. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, warudi kupimwa siku nyingine; ikifika 180 kwa 120, wamwone daktari siku hiyohiyo. Na wakianzishiwa dawa, wasiziache eti kwa kuwa wamejisikia nafuu.