Nimekuambia Uchane?

Hadi mwaka 2019 nilikuwa sijawahi kufumua kitu. Kukosea nilikosea, tena sana, ila nikikosea nilisonga mbele na kuomba watu wasitazame.

Kwetu Haneti, mkoani Dodoma, mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Uwele na alizeti vikishaingia ndani, upepo wa Juni ukaanza kupiga, wanaume wengine hupanda mlimani kuchimba krisoprasi, lile jiwe la kijani, na wanawake tunakaa kwenye kivuli na sindano. Mjini Dodoma wapo wanaoiita kazi hii kroshia, neno la Kifaransa lenye maana ya kindoana, na kweli ncha ya sindano imejipinda kama ndoana. Sisi tunasema kufuma tu. Ukituambia tunashona vitambaa, utasahihishwa: kushona ni kuunganisha vilivyopo, kusuka ni mkeka na nywele, kufuma kunaanza na uzi mtupu.

Kitambaa changu cha kwanza cha kochi kilikuwa cha duara. Mzunguko wa nne niliruka vitanzi kadhaa, nikajua, nikanyamaza. Kufika wa tisa kikawa kimejikunja kama bakuli. Mama mkubwa alikiweka juu ya goti lake, akakibonyeza, kikainuka tena.

"Ulikosea wa nne. Fumua."

"Mama mkubwa, niharibu kazi yote hii?"

"Nimekuambia uchane? Nimekuambia ufumue."

Akachomoa sindano, akavuta uzi. Mizunguko sita, kazi ya siku mbili, iliisha kabla chai haijapoa. Uzi ulibaki mapajani mwangu, mzima, una mikunjo tu.

Neno kufumua nilikuwa nalisikia kwa ubaya. Kocha kafumua kikosi. Fulani kafumuliwa, yaani kapigwa. Mfumuko wa bei, ambao sisi huuonea kwenye bei ya uzi kabla ya taarifa ya habari. Hata ule mfumo wa ofisini, ambao mtu husafiri kuufuata akaambiwa uko chini, ni mtoto wa fuma. Sikuwahi kufikiri kwamba fuma na fumua ni kama funga na fungua: mlango unaofunguliwa haujavunjwa.

Ningeishia kwenye kitambaa, ushuhuda huu usingekuwepo. Mwaka huohuo nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, chenye sanduku la kufuli tatu. Rejesho la shilingi 15,000 la mama mmoja mwenzetu nililiandika kwenye ukurasa wa mwingine. Niligundua wiki iliyofuata. Badala ya kusema, nikarekebisha tarakimu hapa ili zilingane na pale, kikao kikafuata kikao, na kila kikao nikaongeza uongo mdogo kuutegemeza wa jana. Pesa sikula hata senti. Lakini daftari lilikuwa limejikunja kama bakuli, na yule mama akawa anadaiwa deni alilokwisha kulipa.

Kikao cha Septemba nilisimama kabla kufuli hazijafunguliwa. Nikasoma daftari kinyumenyume, kikao hadi kikao, nikifuta na kueleza, mpaka tukafika kwenye ile 15,000. Ilichukua karibu saa nzima. Kuna aliyecheka, kuna aliyesema wezi wote huanza hivyo. Nilitozwa faini ya shilingi 2,000 na ukatibu ukaenda kwa mwingine. Sikuuomba tena. Kusema kweli, usiku ule nililala vizuri kuliko miezi mitatu yote.

Kile kitambaa nilikirudia kwa uzi uleule. Kiko juu ya redio, kimelala bapa, ila ukikiangalia karibu utaona uzi wa kuanzia mzunguko wa nne una mawimbi.

Yule mama wa 15,000 alikuja baada ya mavuno yaliyofuata, akaniagiza vitambaa sita vya makochi, rangi ya kijani cha jiwe letu. Alilipa nusu. Nusu ya pili bado namdai, na imeandikwa kwenye ukurasa wake.